Kabla ya Kumnunulia Mvulana Viatu vya Mazoezi

Kila Jumamosi asubuhi huwafundisha wavulana wa mtaa wetu wa Lanet, hapa Nakuru, kucheza kandanda, na kinachonishughulisha zaidi ni pumzi zao kuliko ufundi wao. Utamwona mvulana wa miaka 13, mrefu, mwenye viatu vizuri kuliko vyangu, akizunguka uwanja mara moja tu kisha anainama, mikono magotini, akihema mdomo wazi. Haumwi. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa bodaboda humchukua mlangoni asubuhi na kumrudisha jioni, na kwa kuwa kiwanja kilichokuwa nyuma ya ploti kimejengwa nyumba za kupangisha, jioni yake huishia sebuleni, simu mkononi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomfanya aheme. Wazazi wengi hudhani mazoezi ya Jumamosi hulipa deni la wiki nzima. Hayalipi, kwa sababu moyo na mapafu huimarika kwa kazi ya mara kwa mara, na mifupa, ambayo hujijenga kwa kasi sana wakati wa balehe, huhitaji kuruka, kukimbia na kubeba. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ikiwa shule haiko mbali, mwache atembee. Na ikiwa ni lazima avuke barabara kuu yenye malori, mvushe kwanza, kisha umwachie njia iliyobaki. Nyumbani naye ateke maji, afue sare zake na kutumwa sokoni, kwani sijui ni nani aliyeamua kwamba kazi hizo ni za dada zake.

Usingizi hupuuzwa zaidi ya yote. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, ilhali wengi hukesha wakicheza michezo ya simu, na wale wakubwa wakisubiri matokeo ya mikeka yao ya kamari, ambayo sheria haiwaruhusu kucheza kabla ya kutimiza miaka 18. Kwetu simu zote hulala sebuleni, ya baba ikiwamo, maana amri inayomhusu mtoto peke yake haidumu.

Kuhusu chakula sina mengi. Chipsi za mara mojamoja hazina neno, lakini soda ya kola ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, na si kinywaji cha kila siku.

Vijana wa miaka 15 na 16 wanaonyanyua mikebe iliyojazwa saruji huniuliza kuhusu unga wa protini. Huwaambia waanze na mayai, maharagwe na omena, wajifunze kwanza kuinua uzito wa miili yao wenyewe, na waachane na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa kuwa kafeini iliyomo huupeleka moyo mbio na kuwanyima usingizi.

Aliyenenepa asiitwe kibonge mbele ya wenzake, kwa sababu hatarudi uwanjani. Na mvulana anayezimia au kuumwa kifua akikimbia asimamishwe mara moja, apelekwe hospitalini, wala asirudishwe mazoezini mpaka daktari amruhusu.