Re: Wanafuata nini nyota nyingine?
Mkuu umeuliza hao viumbe wa hadithi za sayansi wanafuata nini nyota nyingine, kama ni madini. Mi naona madini hapana aisee, maana nyota jirani kabisa na Jua, Proxima Centauri, iko miaka ya mwanga 4.2, yaani mwanga wenyewe unatumia miaka 4.2 kufika, na Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa 1977, kwa spidi yake ya kilomita 17 hivi kwa sekunde kingetumia zaidi ya miaka 70,000 kumaliza huo umbali, sasa mzigo gani utalipa hiyo nauli? Kinachoniingia akilini ni nyota yao kuzeeka. Hata Jua letu linazidi kung'aa taratibu, miaka kama bilioni 1 ijayo bahari zitakauka, hapo wenye uwezo watahama tu, kama huku Moshi vihamba (mashamba ya ukoo ya mlimani) vilipobana watu wakashuka tambarare. Udadisi nao upo, ila peke yake sidhani unatosha kumpandisha mtu chombo anachojua atazeekea humo.