Mbwa Anakuja, Lakini Dada Ameulizwa?

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani, yakijibiwa na daktari wa mifugo mstaafu kutoka Tanga

SWALI: Shikamoo Daktari. Nyumbani kwetu tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka tisa na minne, mama mkwe na dada wa kazi. Jirani mmoja alihama akamwacha mbwa wake getini. Akawa anashinda jalalani, amekonda mbavu zinahesabika, hadi watu wanaookoa wanyama wakaja kumchukua wakamtibu. Sasa wanamtafutia familia. Ni jike, wanakadiria ana miaka mitatu. Watoto wamekwisha kumpa jina, Popi. Mume wangu anataka mlinzi. Mama mkwe anasema mbwa ni najisi, ataharibu swala yake. Dada naye anasema mbwa akija yeye anarudi kwao, ila huyo tutaongea naye. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba siku niliyokwenda kumwona niliinua fagio lililokuwa njiani nipite, akajikunyata ukutani na kujikojolea. Mbwa wa namna hii anafaa nyumba yenye watoto? Mama wa Wawili, Tegeta.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imejaa watu na karibu kila mmoja umemtafutia nafasi yake: watoto wana jina tayari, baba ana mlinzi, bibi ana swala yake. Mmoja tu umemmaliza kwa "huyo tutaongea naye." Naanzia kwake, maana yeye ndiye atakayeamua Popi akae au arudishwe.

Tazama siku yenu ilivyo. Wewe na mumeo, kama wakazi wengi wa Tegeta, nadhani mnatoka alfajiri kuiwahi foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Mkubwa yuko shule. Anayebaki na mbwa mchana kutwa ni dada. Ndiye atakayempikia, ndiye atakayesafisha alipojisaidia, ndiye atakayefungua geti muuza mboga akigonga. Na ndiye anayeshika fagio tangu saa kumi na mbili asubuhi. Yaani mbwa anayejikojolea akiona fagio mnamleta akakae na mtu ambaye fagio halimtoki mkononi, na mtu huyo mwenyewe anawaogopa mbwa.

Katika kazi yangu nimeona mbwa wengi wakirudishwa walikotoka, na mara nyingi ukali haukuwa sababu. Mwenye nyumba husema "mbwa kashindikana", lakini ukimvuta dada pembeni ndipo unapoipata habari kamili: alikuwa anamfungia stoo mchana kutwa kwa hofu, mbwa akilia anarushiwa ndala, jioni mwenye nyumba akirudi anakuta mlango umetafunwa. Dada hana kosa. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo kaeni naye kwanza. Muulizeni anaogopa nini hasa. Pengine aliumwa utotoni, pengine kijijini kwao kuna mtu alikufa kwa kichaa cha mbwa, na aliyekiona kifo kile ana haki ya kuogopa. Mwonyesheni kadi ya chanjo, mwelezeni imeandikwa nini. Nendeni naye akamwone Popi huko huko aliko, amrushie kipande cha nyama kwa mbali, arudi tena siku nyingine. Na kazi ikiongezeka, mshahara nao uongezeke. Hilo si la kidaktari lakini nalisema. Akikataa kabisa, basi mmoja wenu abadili ratiba yake au Popi atafutiwe nyumba nyingine. Kumlazimisha dada ni kumtesa yeye na mbwa pia.

Tuje kwa Popi mwenyewe. Kujikunyata na kujikojolea ni hofu, na hofu ya fagio maana yake si ngumu kuisoma: pengine alichapwa nalo, au aliona likiinuliwa kabla ya kuchapwa. Mbwa wa hivi huweza kutulia vizuri sana, lakini haji kuwa wa familia nzima kwa mkupuo. Huanza na mtu mmoja. Akishamwamini huyo, ndipo hutazama wengine mmoja mmoja. Chagueni mtu huyo ni nani kabla hajafika. Yeye ndiye ampe chakula kila siku, kwa saa zile zile, pasipo maneno mengi. Wengine wapite tu kama hawamwoni.

Mwandalieni pembe moja yenye kivuli, gunia kavu au blanketi kuukuu, maji, na mahali pa kujificha. Akitaka kujificha kutwa, mwacheni. Mtoto asimfuate huko hata kidogo. Siku za kwanza geti lifungwe kwa komeo, maana mbwa mgeni akitoroka hajui njia ya kurudi. Mvisheni mkanda wenye namba yenu ya simu. Msimfunge mnyororo mchana kutwa. Mbwa mwenye hofu akifungwa hana pa kukimbilia, na asiye na pa kukimbilia huuma.

Fagio nalo lina dawa yake. Dada alilaze chini, uani, na vipande vya dagaa pembeni yake. Asilishike, liwe limelala tu. Popi akizoea kula karibu nalo, dada alisogeze kidogo kwa mguu. Baadaye alishike likiwa chini, ndipo afagie taratibu kwa mbali, na dagaa wakiendelea kudondoka. Kazi hii huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Mkiona anarudi kutetemeka, mmekwenda mbio. Rudini hatua moja nyuma.

Watoto nao wafundishwe kabla. Wa miaka minne asiachwe peke yake na Popi hata dakika moja, hata mkishazoeana. Watoto wadogo hupenda kukumbatia shingo, na mbwa wengi hawapendi kukumbatiwa, huvumilia tu. Mfundishe mkubwa kusoma dalili: mkia kuingia katikati ya miguu, masikio kulala nyuma, kujilamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana. Zote hizo ni "niondokeeni." Kunguruma ni onyo la baadaye kabisa.

Kuhusu bibi, mimi si shehe, na la dini muulizeni shehe wenu. Ila nimekulia pwani na ninajua kinachosemwa. Wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi huku kwetu, huona mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wenzao wa Maliki hawaoni hivyo, lakini msianze kubishana madhehebu na mama mkwe sebuleni. Kumweka mbwa kwa ulinzi au kuchunga mifugo hakukatazwi. Nyumba nyingi za Waislamu hapa Tanga zina mbwa uani. La maana ni mpangilio: banda liwe nyuma ya nyumba, mbwa asiingie ndani, bakuli lake lisiguse vyombo vya jikoni, na pale bibi anapotawadha na kuanika mswala wake pawe upande mwingine kabisa. Umwambie hayo kabla mbwa hajafika, na umwombe achague yeye upande wa banda.

Mumeo naye asitegemee mlinzi mwezi wa kwanza. Mbwa mwenye hofu huweza asibweke kabisa, na siku akianza kubwekea wapita njia ujue ameanza kujiona yuko kwake.

Kabla hamjamchukua, waulizeni waliomwokoa kama amechanjwa kichaa cha mbwa, kisha mwendelee na chanjo kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi. Kama hajatolewa kizazi, panga atolewe. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba ni takriban siku 63, kwa hiyo ukichelewa kidogo tu utakuwa unaniandikia barua ya watoto saba. Dawa ya minyoo ni lazima kwa sababu ya watoto wanaocheza mchangani. Kupe nao wana jambo lake: kuna watu huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakaikadiria kwa macho kwenye ndoo na kummwagia mbwa. Nimeletewa mbwa wa hivyo akiwa hawezi kusimama. Nunua ya mbwa, kwa uzito wake.

Chakula kisiwasumbue: ugali wa dona na dagaa waliooshwa chumvi, au utumbo uliochemshwa. Vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana.

SWALI: Daktari, mbwa tuliyemchukua mtaani ananguruma mtoto akipita karibu na bakuli lake. Kaka yangu anasema achapwe ajue mkubwa ni nani. Baba Junior, Arusha.

JIBU: Kaka yako asimguse. Huyo alikuwa akigombania kila tonge jalalani, na kunguruma ni adabu yake ya kuonya kabla ya kuuma. Ukimchapa atajifunza kutoonya, halafu siku moja atauma kimyakimya, mkaanza kusema "hakuwa na dalili." Mlishe mahali ambapo mtoto hapiti, mlango umefungwa. Mtu mzima akipita, atupe kipande kizuri kuliko kilichomo bakulini na aendelee na safari yake, asisimame. Polepole mbwa ataanza kufurahi akiona mtu anakuja. Junior asiwe ndiye wa kulifanyia mazoezi.

SWALI: Mbwa wetu mpya alimparua mwanangu mkononi wakicheza, damu ikatoka kidogo sana. Mbwa ana kadi ya chanjo. Nimempaka mtoto spiriti, inatosha? Mama Neema, Morogoro.

JIBU: Haitoshi. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, uangalie saa, kisha mpeleke hospitali leo hii, na kadi ya mbwa uende nayo. Mkwaruzo wenye damu unahesabika sawa na jino, kwa kuwa mbwa hulamba kucha zake. Kadi ni ya kumsaidia daktari aamue, si ya kukufanya ubaki nyumbani. Kwa mbwa mgeni hujui kama chanjo iliwekwa kwenye barafu ipasavyo, wala kama mbwa aliyechanjwa ndiye huyo huyo. Mtoto akiandikiwa sindano, zipigwe zote kwa tarehe zake, hata kama kidonda kimekwisha kupona. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba.

Mbwa msimuue wala msimfukuze. Mfungeni mahali salama, alishwe, mumwangalie kwa siku 10 na mtoe taarifa ofisi ya mifugo ya halmashauri. Akibadilika sauti, akidondokwa na mate, akishindwa kumeza au akianza kuuma vitu ovyo, msimkaribie. Mpigieni simu daktari wa mifugo na mmwarifu pia daktari wa mtoto siku hiyo hiyo.