Kuni: msumeno, ukavu na kipimo

Shikamoo. Nakata kuni Sikonge kwa shoka. Nimejiwekea akiba, ninunue msumeno wa mnyororo?

Marahaba, mwanangu. Nunua kama una magogo ya halali ya kuupa kazi kila wiki, la sivyo fedha yako italala stoo. Mashine nyingi za siku hizi zinataka mililita 100 za oili ya tu-stroki kwa lita 5 za petroli. Pima kwa chupa, usikisie. Oili ikipungua, pistoni inang'ang'ania kwenye silinda, basi tena. Miyombo yetu ni migumu, kwa hiyo msumeno ukianza kutoa unga badala ya vipande, zima, unoe kwa tupa ya mviringo. Ncha ya msumeno isiguse gogo kamwe: mashine inaruka na kukurudia usoni.

Shoka usiliuze. Msumeno unakata tu. Kupasua bado ni kazi ya shoka, kabari za chuma na nyundo nzito.

Mimi ni mama lishe, Kiloleni. Kuni ninazouziwa zinafuka moshi mpaka wateja wanahama benchi. Kavu nazijuaje?

Pole sana, dada. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Kavu vinalia kwa sauti kali, vibichi vinatoa mlio mzito uliokufa. Tazama na kichwa cha kipande: kikiwa kikavu kina nyufa zinazotoka kwenye kiini kwenda nje, na gome linabanduka kwa kidole. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako unaanza kuyachemsha hayo kabla ya maharage. Inaniuma, kwa sababu anayelipia ni mama mwenye macho mekundu na kifua kinachobana.

Nanyi wauzaji, pasueni mapema, Mei mvua zikikatika. Zipangeni juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, upepo upite katikati. Mvua za Novemba zikifika, funikeni juu tu. Pembeni acheni wazi.

Niko Urambo. Mteja anataka kwa mita ya ujazo, mimi nimezoea mafungu.

Panga rundo la mita 1 urefu, 1 upana, 1 kimo. Vipande vya nusu mita vinataka safu mbili. Mpange mbele yake, mbanane vizuri. Za kumwaga ovyo zinauza hewa.

Mti uko shambani kwangu, Kaliua. Nao unataka kibali?

Nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu ya wilaya kabla hujainua shoka, hasa kama utasafirisha. Mninga usiuguse bila kuwauliza. Na soko lako usilitegemeze kwenye shule: serikali imeshaagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Ongea na wakaushaji tumbaku, na ukiweza panda mikaratusi yako mwenyewe. Ukiikata, kisiki kinachipua tena.