Amestaafu bandarini, sasa hasemi

"Shangazi, mume wangu alistaafu bandarini miezi saba iliyopita akiwa na miaka 60. Alipewa mkupuo wa shilingi 1,800,000, na pensheni ni 31,000 kwa mwezi. Nyumba inakula 52,000. Saa tisa usiku yuko macho. Baraza ameiacha, chakula anakidonoa tu, na akiulizwa husema viungo vinamuuma. Mpwawe anataka 800,000 wanunue matatu, naye anajibu: 'Chukueni, za nini tena.' Ni uzee huu, au ametupiwa kitu? Mama Wawili, Mikindani, Mombasa."

Pole sana, Mama Wawili. Katika barua yako yote, kilichonishtua ni hilo "za nini tena". Asiyejali pesa aliyoitolea jasho miaka yote hafai kutia sahihi karatasi yoyote kwa sasa. Matatu ingoje. Mwite mpwa mbele ya mzee mmoja anayeheshimiwa katika ukoo, aambiwe kwamba kwa miezi sita mkupuo hauguswi.

Huo si uzee. Mtu akikosa raha na hamu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akawa anaamka usiku wa manane na chakula hakipiti, dalili zinaelekea kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika. Wanaume wa rika lake ni nadra kusema "nina huzuni". Husema mgongo, magoti, kifua. Kisomo na dua endeleeni navyo, ila visichukue nafasi ya daktari.

Mpeleke kwa jina la kupima presha, ataenda bila ubishi. Mkifika, ombeni apimwe pia sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Kama amemeza metformin ya kisukari kwa miaka, apimwe vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huipunguza, na upungufu wake huleta uchovu, usahaulifu na huzuni. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, za miti shamba pia, na kama anatafuna muguka mseme. Masikio yasisahaulike: aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kelele za mitambo huenda ameacha baraza kwa kuwa hasikii wanachocheka wenzake. Kliniki za afya ya akili zipo Port Reitz, karibu na kwenu, na Hospitali Kuu ya Pwani.

Akiandikiwa dawa ya sonona, hapa ndipo wengi huanguka. Nafuu huanza wiki ya pili hadi ya nne, na kukamilika kwake huchukua wiki sita hadi nane. Wiki ya kwanza huja kichefuchefu, mgonjwa akaitupa. Au akipona kidogo anaiacha, nayo hutakiwa iendelee angalau miezi sita baada ya kupona. Kwa wenye umri, dawa hizi zinaweza kushusha chumvi mwilini, hasa wakitumia pia kidonge cha presha cha kukojoza. Ukimwona amechanganyikiwa au anapepesuka, mrudishe siku hiyo hiyo. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia duka la dawa, hapana: ndivyo vinavyoangusha wazee usiku wakienda msalani.

Kisha muulize waziwazi: "Je, unatamani usiwepo?" Swali hilo halimpi mtu wazo la kujiua. Akikubali, usimwache peke yake, ficha dawa na sumu za wadudu, mpeleke idara ya dharura au upige 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu. Msiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba.

Kabla ya safari ya hospitali, piga *147# uangalie bima yake ya SHA. Mshahara ulipokatika, makato nayo yalikatika, na wengi huligundua hilo wakiwa dirishani. Sasa ni yeye wa kujilipia, tena mchango wa mwaka mzima.

Tuje kwenye hesabu. Pengo ni 21,000 kwa mwezi, yaani 252,000 kwa mwaka. Mkupuo mzima ungeliziba kwa miaka saba hivi. Mkitoa 800,000, haifiki minne. Punguzeni matumizi kwanza, na hapa watoto wanaofanya kazi waambiwe ukweli. Tengeni fedha za miezi sita kwenye akaunti, zinazobaki zisubiri. Akipata nafuu, atazame hati fungani za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu: zinaanzia 50,000 na riba huingia kila miezi sita.

Na muache kumwambia "pumzika, mzee". Ushauri huo naona ndio unaowamaliza wastaafu. Aliyezoea zamu anahitaji saa maalumu na mtu anayemngoja: kutembea nusu saa asubuhi kabla jua halijachoma, mjukuu wa kupeleka madrasa, kijana wa kufundishwa ufundi.

Miezi sita ikipita, akawa mzima na bado anaitaka matatu, logi buku iwe kwa jina lake, na kabla ya kutoa shilingi mpwa alete kwa maandishi gharama za bima, matairi, leseni na siku za gereji.