Usiwafungie kuku wako, wapapase gole kwanza

Ndugu mleta mada, umesema una matetea 14 wa kienyeji hapo Mwandiga, Kigoma, unawaachia wajitafutie, pumba unayowamwagia asubuhi wanaichezea tu na kuiacha, na tangu mwezi wa sita mayai yamepungua na mengine yana ganda laini. Unauliza kama uwafungie bandani uwanunulie chakula cha kiwandani. Mimi nafuga Gungu, hapa hapa Kigoma, kuku 22 kwa sasa, na ninakuomba usiwafungie kabla hujajua huko nje wanapata nini.

Leo usiku wakishapanda kulala, chukua tochi uingie bandani. Mshike kuku mmoja mmoja taratibu, umpapase gole, kile kifuko kilicho chini ya shingo upande wa kulia kidogo. Kuku aliyeshiba jioni gole lake limejaa na ni gumu kiasi, unahisi punje ndani. Ukikuta limelegea, au ndani kuna kitu kama pamba iliyolowa, huyo ameshindia majani. Alfajiri rudi uwapapase tena kabla hujafungua mlango. Gole linatakiwa liwe tupu. Likiwa bado limejaa, kuna tatizo jingine, mara nyingi amemeza nyasi ndefu kavu au uzi wa kiroba, umtenge.

Mimi nilianza kuelewa hili nilipochinja jogoo mwezi wa nane, nikapasua gole na firigisi. Nilikuta nyasi kavu, mbegu chache za magugu, pumba kidogo na vikokoto. Mdudu hata mmoja hakuwemo. Mwezi wa kumi na mbili nikachinja mwingine wa rika lile lile, gole limejaa kumbikumbi na panzi. Uwanja ni ule ule. Tangu hapo kila anayechinjwa kwangu napasua gole lake kwanza, hata kama wageni wanasubiri.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuku wa kienyeji anajitosheleza mwenyewe. Anajitosheleza mvua zikiwepo. Kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, ardhi inakauka, wadudu wanazama chini, naye anachakura kutwa bila kupata kitu. Wenzetu wa Ulaya mayai yao hupungua majira ya baridi kwa sababu siku zinakuwa fupi. Hapa Kigoma jua tunalo karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mayai yakipungua kiangazi mimi natazama chakula kabla ya kingine chochote. (Hakikisha tu hakuna anayeatamia, maana huyo hatagi.)

Sasa pumba. Kuku hana madeko. Pumba ya mahindi ni maganda mengi na vumbi, naye huchagua kwa macho, anapenda punje anayoiona na kuidonoa. Badili muda pia. Asubuhi usiwape kitu zaidi ya maji safi, waende wakachakure, kwa sababu ukiwashibisha saa moja watashinda chini ya mwembe. Saa kumi na moja jioni, kabla hawajapanda, ndipo uwape paraza, yaani mahindi yaliyovunjwavunjwa, konzi moja kwa kila kuku. Kuku kwa asili yake hula sana jioni ili ajaze gole la usiku. Kuku wa mayai anayefungiwa hula gramu 100 hadi 120 kwa siku, wako watakula pungufu ya hapo kwa kuwa sehemu wanaitafuta wenyewe. Pumba uliyonayo usiitupe, ichanganye na paraza, nyunyiza maji ishikane tu, na iishe siku hiyo hiyo kwa kuwa ikilala inachacha. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kabisa, yana sumukuvu.

Kinachokosekana kiangazi hasa ni kile ambacho wadudu walikuwa wanawapa, yaani protini. Sisi wa Kigoma tumezoea chenga za dagaa, na ni nzuri. Changanya kiasi kidogo kwenye paraza, ukizidisha mayai yatanuka samaki. Uwe mwangalifu na chumvi. Mwaka mmoja niliuziwa mabaki ya samaki wa chumvi nikidhani ni chenga za kawaida. Kuku walikunywa maji bila kukoma, wakaharisha, wakafa wawili, tena wale watagaji wazuri. Siku hizi naonja kwa ulimi kabla sijanunua.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, chenga za dagaa zikawa shida kabisa mwaloni Kibirizi, na kiangazi ndiyo hicho. Mama mmoja jirani ndiye aliyenionyesha mtego wa mchwa. Unachukua chungu kibovu, unakijaza samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya mahindi, unanyunyizia maji, unakifudikiza juu ya njia ya mchwa uliyoifungua kidogo kwa jembe, unafunika na gunia lililolowa. Ukiweka jioni, asubuhi ya pili unakuta wamejaa. Unawamwagia kuku uwanjani, mbali na nyumba ili mchwa wasihamie kwenye mbao zako. Nilikuwa na vyungu vitatu vya kupokezana, na mayai yaliyokuwa yameshuka hadi matatu kwa siku yakarudi saba, wakati ziwa bado limefungwa. Usichukue mchwa mahali palipopigwa dawa.

Ganda laini mara nyingi ni upungufu wa madini ya chokaa. Ganda la yai hutengenezwa kwa karibu saa 20, sehemu kubwa ikiwa usiku, kwa hiyo chokaa nayo iwepo jioni. Okota makombe ya konokono ufukweni, yaponde, yaweke kwenye chombo chake peke yake. Usiyachanganye na chakula, kwani mtagaji atayafuata mwenyewe, na vifaranga hawayahitaji kwa wingi huo. Maganda ya mayai pia yanafaa ukiyakaanga yakauke na kuyasaga yasitambulike, wasije wakajifunza kula mayai.

Mwisho, wape dawa ya minyoo kabla ya kuanza yote haya, kwa kuwa kuku anayekula wadudu na konokono hapati chakula tu, anapata na tegu. Papasa usiku wa leo, kisha uandike hapa ni wangapi kati ya hao 14 wamelala na gole legevu.