Re: Niweke mahindi chotara ekari zote tatu?

Mdau wa Handeni, umeuliza kama ung'oe mihogo na uachane na mbegu ya bibi, uweke mahindi chotara (mbegu ya dukani, mchanganyiko wa aina tofauti) tupu. Mimi niko Muheza, na ningekuwa wewe nisingethubutu.

Chotara inazaa, sibishi. Ila mvua ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele (maua ya juu), wewe umekwisha, na mbegu yake ukiirudia msimu wa pili mavuno yanashuka. Ukitaka mbegu ya kujiwekea, kuna mahindi ya Staha, si chotara: chagua mahindi mazuri katikati ya shamba, mbali na ya jirani.

Mihogo usiiguse. Inakusubiri ardhini hadi uihitaji. Hatari ni michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kwanza hapa hapa Usambara, miaka ya 1930, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Amani. Majani yanaweza kukudanganya: juu kijani, chini muhogo umeoza kahawia. Kwa hiyo kabla hujakata pingili za kupanda, chimba shina lile lile uukate muhogo wake uone ndani. Kiroba, mbegu yetu ya muhogo ya Pwani, inauvumilia ugonjwa huo kuliko nyingi.

Kuhifadhi mbegu: kunde, mama alizichanganya na majivu, mahindi akayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi. (Siku hizi tuna gesi, wadudu wanashangilia.)

Chotara ijaribu nusu ekari tu. Udongo wako kichanga au mfinyanzi? Sema, tuone kunde na mbaazi zikae wapi.