Usikodi bahari, kodi jenereta

SWALI: Shikamoo Anko. Nimepata kazi Dar nikitokea Mwanza, na mwajiri atanilipia kodi isiyozidi shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Dalali amenionyesha apatimenti ya vyumba viwili Masaki, ghorofa ya 11. Bahari yote iko mbele yako, bwawa la kuogelea lipo, jimu ipo, lifti mbili, fenicha zote zimo. Mwenye nyumba anataka dola 1,000 kwa mwezi, miezi 6 kwa mkupuo, na dipoziti ya mwezi mmoja. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, na anasema kuna watu wengine wawili wanaisubiri, nilipe leo hii. Nimeipenda mno. Nifanyeje?
Binti wa Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao watu wawili nawafahamu. Wamesubiri kila nyumba niliyowahi kuonyeshwa na dalali tangu nihamie mjini, na mpaka leo sijabahatika kuwaona.

Kabla sijastaafu nilisimamia jengo la ghorofa 14 Upanga kwa miaka 9. Katika miaka yote hiyo hakuna mpangaji aliyenipigia simu usiku wa manane kuniambia habari za bahari. Walinipigia kuhusu lifti, maji na AC. Dalali nadhani alikupeleka saa nne asubuhi, umeme upo na upepo unavuma. Rudi saa moja na nusu usiku bila yeye, ukae pale getini na mlinzi. Mnunulie soda. Muulize umeme ukikatika jenereta linabeba nini. Kuna majengo linabeba kila kitu mpaka AC. Kuna mengine linabeba taa za ngazi na lifti moja tu, wewe huko juu unabaki unajipepea na gazeti, na ada ya huduma ya jengo umelipa kamili. Hiyo ada nayo uulize ni kiasi gani na kama imo ndani ya hizo dola 1,000. Mara nyingi haimo.

Ukipanda juu, fungua bomba la jikoni uonje maji. Usione haya. Majengo mengi ya pwani yetu huongezea maji ya DAWASA kwa maji ya kisima, na kisima kilicho karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, bomba linaota ukoko mweupe, na hita ya bafuni haimalizi mwaka. Kuna chumba nilibadilisha hita mara tatu, mpangaji na mwenye nyumba wakivutana kila mara nani alipe. Kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba nani anatengeneza hita na AC. Chungulia na mashine ya nje ya AC pale kibarazani. Hewa ya bahari hiyo unayoipenda inakula chuma kama mchwa, na kama mashine imeshashika kutu ghorofa ya 11, fundi wake si wa bei rahisi.

Chumba cha kulala kikitazama magharibi, jua la alasiri litakupikia humo.

Mita je? Kama LUKU ni ya TANESCO, sawa. Kama ni mita ndogo ya jengo, muulize msimamizi uniti moja anauza bei gani, ulinganishe. Na ukumbuke kuwa tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mpangaji anaponunua LUKU, wakati mdaiwa ni mwenye nyumba. Si hela nyingi, ila ni yako, mwombe akurudishie kwenye kodi ya pango.

Sasa hizo dola. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipisha kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mwambie mwenye nyumba kwa adabu kwamba mwajiri wako analipa shilingi, na mkataba uandike shilingi. Soma vizuri usije ukakuta kijisentensi kinachosema «sawa na dola elfu moja kwa kiwango cha siku hiyo», maana hapo dola imetolewa mlangoni ikaingia dirishani. Miezi 6 kwa mkupuo ndiyo mazoea ya Dar, lakini nyumba iliyokaa tupu muda mrefu humlainisha mtu mpaka mitatu. Muda iliokaa tupu anaujua mlinzi.

Dalali mlipe baada ya kuona hati yenye jina la anayesaini, na funguo ziwe mkononi mwako. Siku hizi wapo wanaokodi wao, kisha wanakupangisha wewe kama wenye nyumba.

SWALI: Anko, nimekaa Upanga miaka minne. Nimehama, mwenye nyumba kazuia dipoziti yangu yote, eti ni ya kupaka rangi. Ana haki?
Dipoziti Imeota Mbawa

JIBU: Rangi ya miaka minne inachakaa hata ungekuwa unatembea umefunga macho. Lakini soma mkataba kwanza: kama ulisaini kwamba utapaka rangi ukihama, hapo amekuzidi. Kama haimo, mwandikie barua, umtake akupe risiti za fundi na akurudishie kinachobaki. Ukifikiria mahakama, angalia kama mkataba ulilipiwa ushuru wa stempu, maana usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Picha za siku uliyoingia unazo? Kama huna, mtafute dada aliyekuwa akikufanyia usafi. Huo ukuta yeye ndiye aliyeufuta miaka yote minne.